Enid Leggate na Bunduki ya Mumewe

Kule vilima vya Lincolnshire, ukimtaja Cyril Leggate mbele ya mkulima, atakuuliza kama umewahi kumwona akipiga njiwa. Ukisema hujamwona, atakuhurumia. Enid, mkewe, alizisikia sifa hizo kila Alhamisi sokoni Horncastle, kikapu cha viazi mkononi, akanyamaza. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, hasira zake ziko karibu, na kunyamaza hakukuwa tabia yake. Mwenye akili angejiuliza hapo hapo kuna nini. Lakini wanaume wa kwetu wakianza kusimulia habari za bunduki, akili huziacha nje pamoja na buti zenye tope.

Nyumba waliyokaa haikuwa yao. Ilikuwa ya shamba la Scallow, yaani ya Bwana Rowland Sardeson. Huku kwetu mfanyakazi wa shamba hupewa nyumba pamoja na kazi, na kazi ikiisha, nyumba nayo inakwenda. Cyril aliendesha trekta la Scallow mpaka mgongo ukakataa. Siku aliyoshuka kwa mara ya mwisho, Sardeson alimpa mkono getini mbele ya watu, akamwambia, "Maadamu bunduki yako inafukuza njiwa kwenye kanola yangu na mbweha kwenye kondoo wangu, wewe kaa." Hawakuandikiana kitu. Kwetu mkono ukishapeanwa, kudai karatasi ni matusi.

Basi nyumba ilisimama juu ya ile bunduki. Kila mtu kijijini alilijua hilo, na aliyelijua zaidi ni Neville Stamp, jirani yao mchinja nguruwe, ambaye binti yake alikuwa amechumbiwa na hana pa kukaa. Neville hakupita mbele ya nyumba ile bila kusimama na kuuliza kama paa linavuja.

Sasa sikiliza Enid alichokiona mwezi wa pili, siku ya theluji. Walikuwa wametandaza njiwa waliokufa kwenye kanola, lile zao la mbegu za mafuta, kila mmoja kachomekewa kijiti chini ya kidevu ili kichwa kisimame, wote wameelekea upepo, wenzao wa angani wadhani kuna karamu. Enid alimletea mumewe chai kwenye maficho, nyavu na matawi yaliyoegemezwa ua wa miiba. Cyril akamwashiria akae kimya. Akanyanyuka, bunduki ikalia mara mbili, theluji ikapukutika matawini.

"Huyo chini," akasema, akakaa.

Enid akatazama. Mfuko wa mbolea ulikuwa umenasa juu ya ua, nao sasa ulikuwa na matundu. Njiwa mwenyewe alikuwa amepita upande wa kulia, taratibu kabisa, kama mtu anayerudi kanisani.

"Na yule aliyepita kulia?" Enid akamuuliza.

"Nimemwachia. Alikuwa mbali."

Hakuwa mbali. Enid angeweza kumpiga kwa kiazi.

Tangu siku hiyo akaanza kumchungua. Akaona kwamba Cyril akitaka kumtazama mtu usoni anageuza shingo pembeni kama kuku anayetazama punje. Akaona anatia chumvi kwenye chai, anainywa, na hasemi. Katikati ya macho yake pamekufa, zimebaki kingo tu. Habari za daktari Cyril hakutaka hata kuzisikia, maana daktari angewaandikia polisi, polisi wangekuja kuchukua bunduki na cheti chake, na kabla ya Jumapili Neville angekuwa anapima madirisha. Cyril alilificha jambo lile, na Enid akaficha kwamba amelijua. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Enid alikuwa binti wa mlinzi wa wanyama wa mawindo kwenye pori la matajiri. Alijua kulenga kabla hajajua kufuma soksi, ila alipoolewa alitundika bunduki nyembamba ya marehemu baba yake juu ya kabati na kubaki na kazi ya kujaza risasi za mumewe mezani jikoni: baruti, kizibo, vigololi vya marisau, kufunga. Wiki ile ya theluji akapanda kiti, akaishusha, akaipangusa vumbi.

"Kesho nakuja na wewe," akamwambia Cyril.

"Wewe? Kufanya nini?"

"Kupiga. Nimechoka kutazamana na birika."

Cyril akacheka mpaka akakohoa. "Haya, njoo, bibie. Ila usinipige mimi."

Walivyofanya kazi ni hivi. Enid alikaa kushoto kwake, karibu hata magoti yanagusana. Njiwa akija, Enid anamnong'oneza, "Juu ya ule mti mrefu, anageuka." Cyril ananyanyuka na kupiga anakodhani yupo. Mlio wa bunduki ya Cyril ukiwa bado hewani, Enid anapiga. Njiwa anafunga mabawa, anaanguka, anadunda. "Umempata," Enid anasema. Na Cyril, mume mwema wa watu, anamgeukia kwa shingo yake ya kuku na kumwambia, "Na wewe unapoteza risasi. Unapiga maiti, Enid! Nikishamuua mimi, wewe unampiga wa nini?"

Mwezi wa saba mwaka ule mvua iliilaza shayiri ya bondeni, njiwa wakashuka kuila kama waliotumiwa kadi. Leggate na mkewe waliingia maficho saa moja asubuhi, wakatoka saa kumi. Sijui hata niielezeje siku ile. Njiwa walikuja sita sita, kumi kumi, hawakomi. Mitutu ilichemka hata Enid akafunga kitambaa mkononi. Manyoya yalijaa hewani, yakanata kwenye jasho, yakaingia kwenye mkate wa zabibu waliokula kwa jibini huku wanapiga. Mmoja alianguka kutoka juu kabisa akatua mapajani mwa Cyril, kifua kimepasuka, damu ya moto ikamlowesha suruali, naye akainua mikono kama mtu aliyeshinda ngumi. Waliojeruhiwa walipigapiga mabawa ndani ya shayiri. Enid alikwenda kuwafuata, akiwavunja shingo mmoja mmoja kwa kidole gumba, na kila shingo ilitoa mlio ule ule mdogo. Jioni waliwapanga uani mwa Sardeson kwa safu, mia tatu na kumi na saba, vichwa upande mmoja. Watu wakaja kutazama. Sardeson akampiga Cyril begani, akamwambia baba yake mwenyewe hakuwahi kuiona siku kama hiyo.

Enid alisimama kando, vidole vinanuka, bega limevimba limekuwa la zambarau. Hakuna aliyemgeukia. Na tuseme kweli, maana uongo katika hadithi hii umeshatosha: aliipenda siku ile. Alipenda kupiga. Usiku alijifunika blanketi na kujihesabia, huyu wangu, huyu wangu, huyu wangu, na mia tatu na kumi na saba wote walikuwa wake. Ilimuuma kuliko alivyotegemea.

Majira ya kuzaa kondoo yaliyofuata, mbweha jike alianza kuua. Alikuwa anakata ulimi na pua, anauacha mwili. Asubuhi moja Sardeson aliokota wana-kondoo wanne, mmoja bado anapumua na uso hana. Alimkanyaga shingo mwenyewe, akatapika, akaenda kumgongea Cyril.

Alfajiri iliyofuata Cyril na mkewe wakalala kifudifudi nyuma ya ukuta wa mawe, baridi imewafika mifupani. Yule mbweha alitoka kwenye ua akiwa chini chini, akanyooka kuelekea kondoo aliyekuwa anazaa. Enid akanong'ona, "Sasa. Mbele yako." Cyril akapiga. Enid akapiga. Mbweha akaruka juu, akaanguka kwa ubavu akijing'ata pale palipomuuma, akajizungusha hivyo hivyo mpaka akaisha. Chuchu zake zilikuwa zimejaa maziwa. Cyril alilitafuta pango kwa kupapasa, akachimba, akawatoa watoto, akawaua kwa koleo. Wawili walikimbilia miibani, hawakuonekana tena. Kwetu hilo halijadiliwi.

Lakini kilichomtisha Enid hakikuwa mbweha. Kondoo wawili, hatua ishirini upande wa kushoto, walikuwa wanatoka damu masikioni na puani. Risasi ya Cyril ilikwenda huko. Enid akamwambia Sardeson ni waya wa miiba. Alipokuwa akisema, akawaza kama pale pangesimama mtu badala ya kondoo.

Mwezi wa nane ngano ikaiva. Wageni hawaujui utaratibu wetu wa kipande cha mwisho, kwa hiyo nauelezea mara moja. Kombaini inakata kwa kuzunguka shamba kutoka nje kwenda ndani. Kila kilichomo ndani, sungura, panya, mbweha, kinarudi nyuma na kurudi nyuma, mpaka kimebaki kipande cha ngano kisichozidi uwanja wa kanisa, na viumbe wote wamejazana humo. Hapo wenye bunduki wanasimama kwenye kona nne, mmoja kila kona, na wenye fimbo wanajaza nafasi kati ya kona. Hupigi mpaka mnyama ametoka nje kabisa na ameshakupita. Hupigi kuelekea ndani hata awe shetani. Na kila kona ni ya mtu mmoja. Hakuna kukaa wawili magoti yakigusana. Wanawake hubaki getini na chai.

Enid alianza kumzuia wiki nzima kabla. Akasema mgongo. Akasema joto. Angeshinda labda, kama si Neville, ambaye alisimama baa mbele ya watu, glasi mkononi.

"Cyril, kaka, mwaka huu tukuwekee kiti getini na kina mama? Wewe uwe unagawa biskuti."

"Neville, wewe nguruwe umemfunga kamba miguu minne na bado kisu umekosa pa kukipeleka."

Watu wakacheka, Neville hakucheka. Basi mlango wa kubaki nyumbani ukafungwa siku hiyo hiyo.

"Nisipokwenda," Cyril alimwambia mkewe, "Jumatatu binti yake analala chumbani kwetu. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi niache. Mkono wangu unaijua kazi yake."

Enid alikaa mezani jikoni na mashine yake ya kujazia risasi. Yalikuwepo maneno matatu ya kusema: Cyril, huoni tena. Yalimfika kooni, akayameza. Kama angeyasema, angemvunja mume kwa mkono wake mwenyewe. Akachukua maganda thelathini mekundu, akatia baruti nusu, akatia kizibo. Halafu badala ya marisau, akachota kwenye gunia lililokuwa mlangoni mbegu za kanola, nyeusi, ndogo kama ulezi, akajaza, akafunga. Alifikiri hivi: Cyril atapiga, bunduki italia, hakuna kitakachoanguka, na watu watasema mzee leo hana bahati. Mtu mmoja kukosa siku moja, nyumba haianguki. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Kasoro moja tu: mbegu nazo zinaruka.

Asubuhi Cyril alizipima kiganjani. "Mbona nyepesi?"

"Bega lako. Nimepunguza."

"Utaniua kwa huruma, mwanamke wewe."

Saa nane mchana kipande kilikuwa kimebaki kidogo. Vumbi lilisimama juu ya shamba, kombaini inanguruma, wanaume wamevua mashati. Sungura walianza kuchomoka na wenye fimbo wakawarukia. Enid aliona kutoka getini fimbo zinapanda na kushuka, akasikia vilio vyembamba, akaona kijana wa posta akimshika mmoja kwa miguu ya nyuma na kumgonga kwenye tairi la trela. Kwenye kona ya mbali Neville alimpiga mbweha dume na kumvunja mguu. Mbweha akarudi ndani ya ngano akijikokota.

Kombaini ikakabwa na majani, ikasimama. Sardeson hakutaka mbweha yule aoze ndani ya ngano yake. Akachukua rungu, amevaa fulana yake ya sufi ya rangi ya kutu, akainama, akaingia kwa ukingo wa ngano kufuata damu. Akatokea hatua kumi na tano mbele ya Cyril, chini chini, rangi ya kutu, ngano ikitikisika.

Enid alimwona. Alifungua mdomo. Bunduki ya Cyril ikalia mitutu yote miwili.

Sardeson akaanguka chali na kupiga ukelele ambao sijui mtu mzima anautoa wapi. Wote walikimbia. Dereva wa kombaini aliruka kutoka juu kabisa. Neville alitupa bunduki yake kwenye mabua, ina risasi, mpumbavu yule, akamfikia Cyril kwanza na kumpiga ngumi ya mdomo. Cyril akaanguka. Neville akampiga teke la mbavu, na jingine, na jingine.

"Umemuua! Umemuua, kipofu wewe!"

"Mbweha!" Cyril alikuwa akisema, damu inamtoka. "Nimempiga mbweha! Nimemwona ametoka!"

Enid peke yake hakukimbia. Alitembea. Alitembea haraka, moyo unamdunda kwa ajili ya macho ya Sardeson, lakini alitembea, kama mtu aliyemwagikiwa maziwa. Neville alimwona akija hivyo, teke likamwishia hewani.

"Mbona hukimbii, Enid?" akauliza polepole. "Mtu kapigwa bunduki kifuani. Mbona unatembea?"

Enid alimsukuma kwa mikono miwili, akapiga magoti kwa mumewe. Upande wa pili Sardeson alikuwa ameinuka, amekaa. Shingo na kidevu vilikuwa vinavuja damu kwa vitundu vingi vidogo, macho mazima. Alikuwa anajipapasa. Akakwangua kitu kwenye kidevu, akakitazama juu ya kucha. Mtu amelima zao moja miaka kumi, huwezi kumdanganya mbegu yake.

"Hii kanola," akasema. Akakwangua nyingine. "Nimepigwa na kanola yangu mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Kijiji kizima kilijua nani anajaza risasi za Cyril Leggate.

"Enid," Sardeson akasema. "Hizi umezijaza wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haoni, bosi. Leo angekuua."

Aliyasema hayo mkono wake uko juu ya kifua cha Cyril, na akausikia moyo wa Cyril chini ya mkono ukiruka, halafu ukatulia kabisa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Haoni tangu lini?"

"Tangu theluji ya mwaka jana."

 Sardeson alikuwa mtu mgumu lakini si mjinga, na uso wake ulionyesha anavyorudi nyuma siku moja moja: mbweha wa wana-kondoo, shayiri iliyolala, zile safu uani kwake.

"Na njiwa mia tatu?" akauliza. "Nani aliwapiga?"

Hapo ndipo penyewe. Akisema mimi, nyumba imepona, na mumewe amezikwa mbele ya kijiji akiwa hai. Akisema Cyril, hakuna atakayeamini, na Neville atawapakia vyombo. Enid akatazama chini. 

"Msiulize swali la kitoto," Neville akasema. "Labda birika la Enid ndilo lililopiga."

Wote walikuwa wamejazana upande ule mmoja wakipiga kelele, na upande wa pili ngano ikafunguka. Mbweha wawili walitoka pamoja, wale vijana wa mwaka huo walioponyoka koleo au wengine, nani ajuaye, wakanyooka kwenye mabua kuelekea ua. Enid hakuamua. Mkono uliamua. Aliiokota bunduki ya Neville, akasimama, akapita mbele ya kundi, na kupiga moja, akahama, akapiga ya pili. Wa kwanza alibingirika kama aliyevutwa kamba. Wa pili mgongo ulivunjika, akaendelea kwenda kwa miguu ya mbele, akilia. Enid alimfuata hatua arobaini bila kugeuka, akaigeuza bunduki, akampiga kitako kichwani mara tatu. Ya kwanza ingetosha. Mbili za mwisho sidhani zilikuwa za mbweha.

Aliporudi, damu imemrukia aproni, watu walimpisha njia. Cyril alikuwa amekaa kwenye mabua, mdomo umevimba, kichwa amekiinamisha upande. Alikuwa amesikiliza.

"Wote?" akamuuliza.

"Nini?"

"Njiwa. Walikuwa wako wote? Hata nusu hawakuwa wangu?"

Mke mwema angesema nusu. Nusu ingemtosha, angeishi na nusu mpaka kufa. Lakini Enid alikuwa na hasira, na hofu, na kiburi cha mwaka mzima na nusu, na ule utamu wa kupiga bado umo mikononi.

"Wote, Cyril."

Cyril akaitikia kwa kichwa. Sardeson aliinuka, akijifuta shingo kwa kofia. Alitazama mbweha wawili, akamtazama Neville aliyekuwa anaangalia kitako cha bunduki yake kilichopasuka. Halafu akamnyooshea Enid mkono, juu ya kichwa cha Cyril, mbele ya watu. Sijawahi kuona mwanamke akipewa mkono ule.

"Maneno ni yale yale niliyomwambia yeye," akasema. "Wewe kaa."

Enid akaushika. Baadaye alisema hakuwa na la kufanya, na ni kweli. Lakini waliokuwepo waliona aliushika upesi.

Cyril alikataa kupandishwa kwenye trela. Alikwenda kwa miguu, peke yake, akipapasa ua kwa mkono wa kushoto. Enid alitangulia kwa njia ya barabara, akafika, akavua aproni, akaweka birika jikoni. Akakata mkate. Akakata na nyama baridi ya nguruwe yenye kotmiri ndani, aliyokuwa akiipenda Cyril. Akakaa. Akasikia buti zinakuja kwenye changarawe, polepole, zikasimama mlangoni.

Mlango haukuwa umefungwa. Haukuwahi kufungwa mchana tangu waingie nyumba ile.

Mlango ukagongwa.

Enid alidhani ni mtu mwingine. Alifungua. Cyril alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya kizingiti, kofia mkononi, damu imekauka kidevuni, uso ameugeuza pembeni ili amwone.

"Hodi," akasema.

"Acha ujinga, Cyril. Ingia. Chai inapoa."

Hakuingia. Hakuwa na hasira, hilo ndilo lililomtisha Enid. Alisimama kwa adabu, kama mtu aliyeleta barua nyumba ya watu, akingoja neno ambalo mgeni hungoja. Enid alilijua neno lenyewe. Alijua pia kwamba akishalitamka, hakuna siku litakaporudi kinywani mwake. Akamshika mkono kumvuta, mkono ukawa mzito haufuati. Akamwambia tena ingia, akamwambia tafadhali, akalia, akamtukana. Jirani wa ng'ambo alisogeza pazia. Mvua ikaanza kuwadondokea, na Cyril bado amesimama, kofia mkononi, upara unalowa.

"Karibu," Enid akasema mwishowe.

Cyril akasema asante. Akafuta buti zake mlangoni, kwanza la kulia, halafu la kushoto, akaingia, akasubiri aonyeshwe kiti.